Nani Anamiliki Wimbo? Hesabu ya Maisha ya Mwanamuziki wa Tanzania

Kwa miaka kadhaa mfululizo, takwimu za pato la taifa zimeitaja sanaa na burudani kuwa miongoni mwa shughuli zinazokua kwa kasi zaidi nchini Tanzania. Mwaka 2023 shughuli hiyo ilikua kwa asilimia 17.7, wakati uchumi mzima ulikua kwa asilimia 5.1. Hata hivyo mchango wake katika pato zima haufiki asilimia moja. Kinachokua haraka hivyo bado ni kidogo mno, na ndani ya udogo huo muziki ndio unaovuta vijana wengi kuliko nafasi zilizopo.

Mwaka 2013 Muhidin Maalim Gurumo alitangaza kustaafu muziki. Alikuwa ameimba kwa takribani nusu karne: NUTA Jazz tangu 1964, Mlimani Park tangu ilipoanzishwa 1978, Orchestra Safari Sound, kisha akarejea bendi yake ya awali, ambayo baadaye iliitwa Msondo Ngoma. Nyimbo alizoimba zilikuwa zikipigwa redioni kila kukicha. Alipostaafu alisema hadharani kwamba hana hata gari. Aliyempa gari ni Diamond Platnumz, kijana wa Tandale ambaye wakati huo alikuwa na miaka michache tu tangu wimbo wake wa kwanza uvume. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Ule ulikuwa ukarimu wa kweli, na ulistahili kusifiwa. Lakini swali la kibiashara halikujibiwa siku ile: kwa nini nusu karne ya nyimbo zinazopendwa haikumwachia mwimbaji wake kipato cha uzeeni? Kipaji alikuwa nacho, bidii alikuwa nayo, na wasikilizaji hawakumkimbia. Alichokosa ni umiliki. Na umiliki ndio unaotenganisha, hadi leo, mwanamuziki anayejenga kazi ya maisha na yule anayepita na msimu.

Mshahara wa bendi, kaseti ya Kariakoo

Katika miaka ya 1960 hadi 1980 mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, na vyombo vya ulinzi vilikuwa na bendi zake, zikiwemo Mwenge Jazz, Kimulimuli ya JKT na Polisi Jazz. Mlimani Park ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Magitaa, ngoma na spika vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alilipwa mwisho wa mwezi, na akikosana na uongozi aliondoka mikono mitupu. Ndiyo maana wanamuziki wa enzi hizo walihamahama sana, wakifuata dau kubwa na vyombo vipya.

Kurekodi kulikuwa kazi ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio, ikapiga, tepu ikabaki maktaba ya redio. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi, ambako Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alirekodi na kampuni ya Polygram kabla ya kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Rekodi za enzi ile zinaendelea kuburudisha watu kwenye vipindi vya zilipendwa, lakini wengi wa waliozipiga hawakuwahi kuona karatasi inayoeleza rekodi ni ya nani na kila inapopigwa nani alipwe.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango wa redio na televisheni binafsi. Vijana waliokuwa wakirap kwenye kumbi wakapata pa kusikika, na studio binafsi zikazaliwa: MJ Records ya Master J, Bongo Records ya P-Funk Majani, FM Studio alikofanya kazi mtayarishaji kutoka Finland, Miikka Mwamba. Bongo Fleva ilikulia huko, na biashara yake ilikuwa kaseti. Msanii alimaliza albamu, akapeleka masta kwa msambazaji Kariakoo, akalipwa kwa mkupuo. Baada ya hapo hesabu ya nakala zilizochapwa ilibaki kwa msambazaji, na msanii hakuwa na namna ya kuihakiki. Pembeni ya nakala halali zilikuwapo za wizi, zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Serikali ilipoanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013, kaseti ilishakufa na CD ilikuwa mahututi. Wimbo ulikuwa umehamia kwenye memori kadi, ukijazwa na vijana wa vibandani wenye kompyuta moja na foleni ya wateja.

Zama hizo mbili zinafanana katika jambo moja. Mwanamuziki aliuza nguvu zake au aliuza masta yake. Hakubaki na kitu kinachozaa.

Shoo ndiyo mshahara

Soko la kaseti lilipokauka, wimbo ulibadilishiwa kazi. Ukaacha kuwa bidhaa, ukawa tangazo la kumuuza mwimbaji jukwaani. Mpaka leo, kwa wanamuziki wengi wa Tanzania na Kenya, shoo ndiyo mshahara. Promota hulipa sehemu ya fedha mapema ili tarehe ishikwe, na salio hulipwa kabla msanii hajapanda jukwaani. Mwenye uzoefu hapandi kabla salio halijaingia kwenye simu.

Kiasi kinachotajwa mitaani kama bei ya msanii si kile kinachobaki mfukoni mwake. Humo hutoka fungu la meneja, posho ya madansa na DJ, mavazi, usafiri na malazi pale promota asipovigharamia. Ukiwa na bendi nzima jukwaani orodha inakuwa ndefu zaidi, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuona wasanii wengi wakiimba juu ya rekodi ya CD badala ya ala za moja kwa moja. Mpiga gitaa na mpiga ngoma wamepoteza kazi kwa hesabu hiyo tu, wala si kwa sababu watu wameacha kuwapenda.

Shoo pia ina msimu, kama kilimo. Idi, Krismasi na Mwaka Mpya ni mavuno. Mwezi wa Ramadhani majukwaa mengi hufungwa. Promota anayejua kazi yake anajua fedha ya korosho inapoingia Mtwara na Lindi, na anajua mikoa ya Kanda ya Ziwa ina fedha mkononi mwezi gani. Uchaguzi mkuu huleta msimu mwingine kila baada ya miaka mitano, vyama vinapokodi wasanii wa kuita umati. Kisha ipo mialiko ya nje: Moroni, Bujumbura, Goma, Lubumbashi, Muscat, Dubai, na miji ya Uingereza na Marekani yenye jumuiya za wasemaji wa Kiswahili.

Aliyeona mbali katika eneo hili ni yule aliyehama kutoka kulipwa jukwaani hadi kuwa mwenye jukwaa. Kwa muda mrefu tamasha kubwa la kuzunguka mikoani lilikuwa Fiesta la kituo cha redio cha Clouds, na msanii alisubiri kuitwa. Baadaye lilikuja Wasafi Festival, likiwa mali ya kampuni ya msanii mwenyewe, Diamond, na Nandy, aliyelelewa katika kituo cha vipaji cha THT, akaanzisha Nandy Festival. Mwenye tamasha hukusanya kiingilio, huzungumza na wadhamini yeye mwenyewe, na huamua nani apande. Hatari ni yake pia: mvua ikinyesha au tiketi zisipouzwa, hasara haina mwingine wa kuibeba. Lakini faida ikipatikana, nayo haina mwingine wa kuigawa kwanza.

Ubalozi wa makampuni ya simu, benki, vinywaji na michezo ya kubashiri umekuwa nguzo ya pili kwa wenye majina makubwa. Hapa napo wapo walioamua kuuza bidhaa zao wenyewe. Diamond aliingiza sokoni manukato na karanga zenye jina lake, kisha kampuni yake ikafungua redio na televisheni. Unaweza kupenda au kutopenda nyimbo zake. Mpangilio wake wa biashara unastahili kusomwa na kila kijana anayeingia studio.

Simu, mtandao na senti zake

Kabla ya majukwaa ya mtandaoni kushika kasi, fedha ya kidijitali iliingia kupitia milio ya simu. Mteja alikatwa shilingi chache ili anayempigia asikie wimbo badala ya mlio wa kawaida. Fedha ilikuwa nyingi ikijumlishwa, lakini ilipita kwa kampuni ya simu na kwa kampuni za kati kabla ya kumfikia msanii. Mwana FA na AY walikwenda mahakamani kudai kwamba nyimbo zao zilitumika kama milio bila ridhaa yao, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Hukumu ile iliwafundisha watu wengi kwamba hakimiliki inaweza kutetewa katika mahakama zetu, mradi mdai ana vielelezo. Mwana FA, kwa jina lake Hamis Mwinjuma, baadaye alikuwa mbunge wa Muheza na Naibu Waziri katika wizara inayosimamia sanaa.

Kenya ilichukua njia ya kutunga sheria. Marekebisho ya sheria ya hakimiliki yaliweka mgawanyo wa mapato ya milio ya simu: mwenye haki asipungukiwe asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na kampuni ya kati asilimia 8.5. Uzito wa takwimu hizo ni kwamba ziliandikwa. Kabla ya hapo msanii alijadiliana akiwa amefumba macho.

Sasa usikilizaji umehamia Boomplay, YouTube, Audiomack, Apple Music, Mdundo na Spotify, ambayo ilifungua huduma zake Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi kwa pamoja Februari 2021. Vijana wengi huamini kwamba kila mtu akibonyeza wimbo kuna kiwango maalumu kinachodondoka. Sivyo inavyofanya kazi. Jukwaa hukusanya fedha za matangazo na za malipo ya mwezi ya wateja, hubaki na sehemu yake, na takribani theluthi mbili huziweka kwenye chungu kinachogawiwa kwa wenye haki kulingana na mgao wa kila rekodi katika usikilizaji wote. Chungu cha nchi ambayo watu wengi husikiliza bure na matangazo ni ya bei nafuu huwa chepesi. Kwa sababu hiyo wasikilizaji elfu moja wa Dar es Salaam huleta fedha kidogo kuliko wasikilizaji elfu moja wa London au Muscat. Mwenye wasikilizaji ughaibuni ana rasilimali, na anapaswa kujua wako miji gani; takwimu hizo zimo kwenye akaunti yake na mara nyingi hazifungui.

Majukwaa nayo yanaweka kizingiti. YouTube huruhusu chaneli kulipwa matangazo ikishafikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Tangu 2024 Spotify hailipi rekodi ambayo haijasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa chipukizi, maana yake ni kwamba nyimbo 20 zisizosikilizwa hazina thamani ya wimbo mmoja uliotunzwa na kutangazwa vizuri.

Ipo hatari nyingine inayotokana na mdundo wenyewe. Harmonize alipotoa wimbo wa Uno mwaka 2019, video yake iliondolewa YouTube baada ya mtayarishaji wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba mdundo wake umetumika. Ilirudishwa baadaye, lakini wimbo ulishakosa siku zake za moto, na kwenye biashara hii siku za kwanza ndizo zenye fedha. Kijana anayepakua mdundo mtandaoni na kuuimbia bila leseni anajenga juu ya kiwanja cha mtu.

Mirabaha: fedha inayopaswa kuja wakati umelala

Kila wimbo una haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Ya pili ni ya rekodi, yaani ile masta iliyotoka studio. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote, au zikagawanyika kwa watu watano. Redio, televisheni, hoteli, baa na basi la mkoani vinapopiga muziki kibiashara, vinatakiwa kulipa, na fedha hiyo ndiyo mirabaha.

Tanzania Bara ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na chombo cha kuisimamia, COSOTA, kikaundwa kwa sheria hiyo. Zanzibar ina sheria yake na chombo chake, COSOZA. Kazi inalindwa katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ni urithi halali wa watoto na hata wajukuu. Januari 2022 COSOTA iligawa takribani shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Ukizigawanya fedha hizo sawasawa, kila mmoja anapata chini ya shilingi 300,000, na hapo unaona ukubwa wa kazi iliyobaki. Mwaka 2023 iliongezwa tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia, kunakili na kuhifadhia kazi, ili mfuko wa wabunifu unenepe.

Jirani zetu wametangulia na bado wanasuasua. Chama cha kukusanya mirabaha cha Kenya, MCSK, kipo tangu 1983, lakini mwaka 2019 wanachama wengi walipokea mgao wa shilingi 2,530 za Kenya kila mmoja, na ghadhabu ikajaa mitandaoni. Kiini cha hasira hakikuwa udogo wa fedha pekee. Msanii aliyepigwa redioni mchana kutwa alipata sawa na yule ambaye wimbo wake haukusikika, na hakuna aliyeonyeshwa hesabu.

Hapo ndipo penye ufunguo. Mirabaha ya haki haiwezekani bila kumbukumbu za nini kimepigwa, wapi, mara ngapi. Teknolojia ya kutambua nyimbo hewani ipo na inatumika duniani kote. Kituo cha redio kinachojua idadi ya sekunde za kila tangazo la biashara hakiwezi kushindwa kujua nyimbo zilizopigwa katika siku hiyo hiyo. Na msanii naye ana wajibu: asiposajili kazi, fedha yake haina anwani.

Gharama, lebo na mkataba

Upande wa matumizi ni mkali. Kuna studio na mtayarishaji, kuchanganya sauti na kuisafisha, video, picha, mavazi, na kuliko vyote promosheni. Video ndiyo iliyoyumbisha wengi, hasa tangu msanii wa Bongo alipoanza kushindana na wa Nigeria na Afrika Kusini kwenye chaneli moja. Diamond alipofanya marudio ya Number One pamoja na Davido, kila mwenye jina Tanzania aliona soko la Afrika limefunguka, na bajeti zikapanda. Wengi walikopa, na wimbo haukulipa deni.

Mwekezaji ndiye lebo. Hulipia studio, video, nyumba na mavazi, hufungua milango ya redio na majukwaa, kisha hujirudishia fedha kutoka mapato ya msanii. WCB Wasafi, lebo ya Diamond, imewatoa Harmonize, Rayvanny, Mbosso, Zuchu na wengine, na hakuna anayeweza kuikana kazi hiyo. Harmonize alisainiwa 2015 na kuondoka 2019, akaeleza hadharani kwamba kuvunja mkataba kulimtaka alipe shilingi milioni 500. Akaanzisha Konde Music Worldwide. Rayvanny naye aliondoka na kuiendeleza Next Level Music.

Mjadala wa mitaani hupenda kuuliza nani mbaya kati ya lebo na msanii. Swali lenye faida ni la masharti. Lebo iliyoweka fedha zake kwa kijana asiyejulikana ina haki ya kuzirudisha na faida juu. Kijana naye ana haki ya kujua, kabla ya kalamu kugusa karatasi: mkataba ni wa miaka mingapi au albamu ngapi; masta ni za nani mkataba ukiisha; lebo inakata fungu kwenye rekodi tu, au na kwenye shoo na ubalozi pia; jina la kisanii na akaunti za mitandao ni mali ya nani; na gharama zinazodaiwa zitathibitishwa kwa risiti zipi. Kijana wa miaka 19 aliyetoka mkoani hawezi kuyachambua hayo peke yake. Ada ya wakili siku moja ni ndogo kuliko deni la miaka kumi.

Kuna pia hatari ya kudhibitiwa. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond. Iwe unakubaliana na uamuzi wa namna hiyo au la, mwenye kuweka fedha kwenye wimbo lazima aijumlishe hatari hiyo katika hesabu zake.

Wasioonekana kwenye chati

Wanamuziki wengi wanaoishi kwa muziki hawamo kwenye orodha ya nyimbo kumi bora. Wapo wapiga kopi wa hoteli za Arusha, Masaki na pwani ya kaskazini ya Unguja, wanaopiga nyimbo za watu kwa saa nne kila usiku na kulipwa kwa wiki au kwa mwezi. Wapo wanaoishi kwa harusi, sendi-ofu na kitchen party, soko ambalo halilali Jumamosi hata moja nje ya Ramadhani na Kwaresima. Wapo waimbaji wa Injili wanaozunguka kwa mialiko ya makanisa na uzinduzi wa albamu, ambako kununua nakala moja ni sehemu ya ibada na msaada.

Taarab ina uchumi wake mahususi. Kiingilio ni sehemu tu ya mapato. Fedha nyingine huja mbele ya jukwaa, akina mama wanapotunza kwa noti huku beti ikimlenga anayelengwa. Bendi za dansi nazo ziliwahi kutegemea sana mapedeshee, matajiri waliolipa ili wasikie majina yao yakitajwa katikati ya wimbo. Fedha ya namna hiyo ni tamu lakini hutegemea hali ya mtoaji, na uchumi ulipobana ilikuwa ya kwanza kutoweka.

Singeli imeonyesha njia ambayo wengi hawakuitarajia. Ilikulia kwenye vigodoro vya uswahilini, ikadharauliwa kuwa kelele za vijana. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na wasanii waliokuwa wakipiga Mburahati wakaitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara lililoanza 2004 limekuwa dirisha kama hilo kwa wanaopiga ala moja kwa moja, kwa kuwa mawakala wa matamasha ya nje huja kutafuta. Hata hivyo mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha, na chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichoanzishwa 2002 na kufundisha mamia ya vijana, kilikaribia kufunga milango mwaka 2019. Taasisi zinazolea wanamuziki zikitegemea wafadhili pekee, kizazi kizima kinategemea barua moja ya mfadhili.

Anayeanza leo

Kijana anayetaka kuishi kwa muziki kwa miaka 30, si miezi sita, ana mambo machache asiyoweza kuyakwepa. Siku wimbo unaporekodiwa, kabla mtu yeyote hajatoka studio, waliomo waandike mgawanyo: nani katunga maneno, nani sauti, nani mdundo, kila mmoja ana asilimia ngapi, na masta ni ya nani. Wasaini. Karatasi hiyo huandikwa kwa urahisi wimbo ukiwa hauna thamani, na haiandikiki kabisa wimbo ukishavuma.

Wimbo usajiliwe COSOTA au COSOZA, na msanii mwenyewe asajiliwe BASATA. Msambazaji wa kidijitali achaguliwe kwa kusoma masharti yake, na rekodi ipewe namba yake ya ISRC, ile inayoitambulisha dunia nzima. Akaunti ya YouTube ifunguliwe kwa barua pepe ya msanii, si ya rafiki wala ya mpiga video. Ugomvi mwingi wa mitaani umeanzia kwenye nenosiri. Fedha ya muziki ikae kwenye akaunti yake, mbali na ya chakula, kwa kuwa mwezi wa Ramadhani utafika na mamlaka ya mapato, TRA, nayo itabisha hodi.

Ajifunze pia ujuzi wa pili ndani ya fani: ala, utayarishaji, utunzi kwa ajili ya wengine, usimamizi wa shoo. Sauti huchoka na sura hupitwa na wakati. Mtunzi anayewaandikia wengine, au mpiga ala anayesoma muziki, huwa na kazi hata msimu wake wa umaarufu ukipita. Lady Jaydee, aliyetoa albamu yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliunda Machozi Band na kuimba na wapiga ala wake mwenyewe. Si ajabu bado anasimama wakati wengi wa rika lake wamesahaulika. Kenya, Sauti Sol waliendesha kundi lao kama kampuni, wakajenga lebo ya Sol Generation, na mwaka 2022 waliwaeleza wanasiasa wa muungano wa Azimio hadharani kwamba wimbo wao ulitumika kwenye kampeni bila idhini. Walipoamua kupumzika mwaka 2023, walifunga hesabu wakiwa na mali mkononi.

Serikali na wenye vyombo vya habari nao wana deni. Kila kituo kiwasilishe orodha ya nyimbo kilizopiga, orodha hizo zichapishwe, na mgao wa mirabaha uonyeshe kila mwanachama kapata nini na kwa wimbo upi. Sheria iweke mgawanyo wa chini kwa milio ya simu na huduma nyingine za kampuni za simu, kama Kenya ilivyofanya. Mikataba ya lebo na wasanii wapya isikubalike pasipo ushahidi kwamba msanii alipata ushauri wa kisheria. Na wazee wa dansi ambao rekodi zao zinaendelea kupigwa wahesabiwe, na warithi wao watafutwe, kwa kuwa miaka 50 ya ulinzi inawahusu nao.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji mtaji mkubwa. Linalohitajika ni kuutazama muziki kwa jicho lile lile tunalotazamia korosho, utalii na dhahabu: mali yenye mwenyewe, yenye kumbukumbu, yenye kodi na yenye urithi. Ukuaji wa asilimia 17.7 utakuwa na maana siku mtunzi wa miaka 65 atakapoweza kulipa ada ya mjukuu wake kwa wimbo alioutunga akiwa na miaka 25, na asihitaji mtu wa kumchangia.